Severini Sikazwe na Bikoni Mbili za Magamba

Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba 2026, Mzee Severini Sikazwe anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi wa umma, yote ameitumia kwenye dawati la vibali vya ujenzi hapa Mpanda. Dawati lenyewe limebadilishwa mara tatu kwa sababu ya mchwa. Yeye amebaki.

Anayeandika ni mimi, Queen Nzumbi, mkaguzi msaidizi, niliyekaa dawati linalotazamana na lake kwa miaka tisa. Mkuu wetu wa idara, Ndugu Danford, aliniomba ukurasa mmoja wa kuchangamsha watu, uingie kwenye ratiba ya sherehe. Nimeandika mara nne na kuchana mara tatu. Kuna faili moja ambalo nilishauriwa nilipite kimya kimya, na kila nikijaribu kulipita nainuka, nazunguka ofisi, narudi kukaa, sioni cha kuandika. Sasa ni Alhamisi jioni, mpiga chapa anapiga simu kila nusu saa, na ukurasa mmoja umeshazidi. Mnivumilie. Tutacheka kwanza, halafu tutafika kwenye hilo faili.

Mzee Severini alizaliwa Mamba, kule Mpimbwe, mwaka 1966, mtoto wa nne wa baba aliyetoka Ufipa akifuata mpunga. Alisomea ujenzi kwenye chuo cha ufundi, akaajiriwa Oktoba 1992 kama mkaguzi wa majengo wa daraja la chini kabisa. Alikabidhiwa baiskeli ya ofisi isiyo na breki na futi kamba ya mita thelathini iliyokuwa imekatika ikabaki ishirini na mbili. Wakati huo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Ombi gumu lilipelekwa Sumbawanga kwa basi, na basi likikwama matopeni, nyumba ya mtu nayo ilikwama hukohuko. Anapenda kusimulia habari za baba mmoja aliyeomba kibali akiwa na mtoto mmoja, akakipata akiwa na watatu, ikabidi ramani ichorwe upya na kuongezwa chumba.

Mwaka 2012 mkoa wetu wa Katavi ulipozaliwa, Mpanda ikawa makao makuu, na kila mwenye tofali mia mbili alijiona mkandarasi. Mzee anakumbuka wiki moja aliyopokea maombi sitini na moja. Kati ya hayo, arobaini yalikuwa ya nyumba ambazo tayari zilikuwa na paa. Wenyewe walikuja na nyuso za unyenyekevu kuomba ruhusa ya kuanza. Aliwasikiliza wote, akawaambia waketi, akawauliza rangi ya bati waliloezekea. Walijikuta wanataja.

Ramani nazo zimempa vituko. Kuna fundi aliyeleta ramani nzuri mno, ikagundulika kwamba ameinakili kutoka kwenye kalenda ya nchi za baridi. Nyumba ilikuwa na dohani mbili na paa lililosimama wima ili theluji iteleze. Mzee Severini aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Theluji hii itatoka kijiji gani, Sitalike?” Paa likashushwa. Dohani moja ilibaki, maana mwenye nyumba alijitetea kwamba mke wake anapika kwa kuni na hilo dirisha la moshi limempendeza. Ukipita njia ya kwenda Magamba utaiona, ndiyo nyumba pekee mjini inayotoa moshi kwa juu.

Utaratibu wake wa uwanjani unajulikana hata kwa watoto wa shule. Hakuwahi kuweka sahihi kabla watu wanne hawajasimama juu ya bikoni nne za kiwanja, yaani zile nguzo fupi za zege wanazoweka wapima ardhi kwenye kona. Anasimama mwenye kiwanja, anasimama mwenzi wake au ndugu, anasimama jirani, na kona ya nne anasimama mjumbe wa mtaa. Yeye hukaa katikati na kuwauliza mmoja baada ya mwingine kama hapo aliposimama ana ugomvi na mtu. Mwenye ugomvi anausema palepale, mbele za watu. Bibi mmoja alikataa kushuka kutoka kwenye bikoni yake mpaka jirani aombe radhi kwa habari ya mbuzi wa miaka saba iliyopita, na ukaguzi wa dakika kumi ukamaliza nusu siku. Utaratibu huu haumo kwenye mwongozo wowote. Umetuepusha na kesi nyingi za mipaka, na mimi nimeuiga. Una tundu moja, nalo nitalieleza likifika wakati wake.

Maombi yalipohamia kwenye mtandao, sisi vijana tulidhani huyu mzee atatukimbia. Alijifunza kwa wiki mbili, akaandika nywila yake kwa chaki nyuma ya mlango, akakasirika tulipoifuta. Baada ya hapo ndiye aliyekuwa anawakalisha waombaji kwenye benchi na kuwajazia fomu kwa simu yake mwenyewe: ramani, uthibitisho wa umiliki, barua ya mtaa, mpaka mtu anaondoka anatabasamu. Neno lake la kila siku lilikuwa kwamba kibali si askari, usikikimbie. Wengi walikuwa wanakikimbia. Walikuwa wanaona kuwa ukijenga kimya kimya umeokoa muda, na ukiomba umejitangaza.

Niseme pia kwamba mtu huyu hajui kutulia. Ofisini kikombe kilichoachwa nusu kinaitwa chai ya Severini. Katikati ya kikao anainuka kwenda dirishani. Na ikifika Septemba ndiyo kabisa. Tofali mbichi zikianza kupangwa kando ya njia, zimefunikwa nyasi, yeye hulala vibaya. Anajua kwamba mvua ya kwanza ya Novemba ikizikuta hazijachomwa, au zimechomwa na hazijapanda ukutani kwa sababu karatasi iko kwetu, kuna familia itakayolala kwa jirani mwaka mwingine. Kwa hiyo Septemba na Oktoba alikuwa anatusukuma kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Tulimnung'unikia, na vibali vilitoka.

Mwaka huu kilichomkosesha utulivu kilikuwa kitu kingine, na hapa ndipo lilipo lile faili.

Mama Vénérande Ndayizeye ni mkulima wa mahindi na muuza unga wa muhogo. Wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972. Yeye alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, na cheti chake cha uraia wa Tanzania alikipata akiwa tayari na watoto watatu. Kule makazini baba yake alijenga nyumba mbili, zote akijua kwamba siku yoyote anaweza kuambiwa afunge mizigo. Ndiyo maana mama huyu aliponunua kiwanja Magamba hakutaka kufanya kama watu wengine, kujenga kwanza na kuuliza baadaye. Mwaka 2015 aliomba kibali, akasubiri, akakipata. Alikitia kwenye fremu ya kioo na kukitundika sebuleni, pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Agosti mwaka huu alirudi kwetu kuomba kibali cha kuongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba, kwa ajili ya mama yake mzazi ambaye sasa haoni vizuri na hawezi kuishi peke yake. Ombi la kawaida kabisa. Tulilinganisha kiwanja na ramani mpya ya barabara, na hapo tukakuta kwamba baraza lake lote na sehemu ya sebule vimo ndani ya hifadhi ya barabara, karibu mita nne. Wiki mbili baadaye ukutani kwake palikuwa na alama ya X nyekundu, kubwa, imegusa mpaka dirisha, na notisi ya kubomoa inayoisha Jumatatu tarehe 2 Novemba. Mjini hapa kuna waliomcheka. Walisema asingeomba kibali, asingeonekana.

Faili lake la zamani halikumsaidia. Ukurasa wa ukaguzi wa mwaka 2015 una sahihi ya Severini Sikazwe na maneno aliyoandika kwa mkono wake: bikoni nne zimeonekana, nyumba imo ndani ya mipaka. Karatasi ikiwa safi namna hiyo, kosa linamwangukia mwenye nyumba. Ikaandikwa kwamba huenda yeye ndiye aliyesogeza bikoni baada ya ukaguzi, abomoe mwenyewe, na ombi la vyumba viwili lisimame hadi atakapomaliza.

Alikuja ofisini mwishoni mwa Septemba. Alikuwa amevaa kitenge cha kwenda kanisani na amebeba ile fremu kwenye kikapu, imefungwa kwa kanga isivunjike. Aliiweka juu ya dawati la Mzee Severini, akabaki amesimama.

“Mzee, nyie mlikuja, mkatusimamisha juu ya bikoni, mkasema sawa,” alisema. “Mimi niliweka msingi pale miguu yangu iliposimama. Sasa naambiwa mimi ni mwizi wa barabara.”

Mimi nilijifanya natafuta stepla, ambayo ilikuwa mbele yangu. Mzee Severini alimwomba akae, akachukua faili, akalisoma lote mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba atakuja kuangalia. Nikaona mama yule anaitikia kwa kichwa bila kuamini, maana kuangalia kulikuwa kumeshamponza.

Kesho yake Mzee alikwenda Magamba kwa pikipiki yake mwenyewe, na keshokutwa, na siku ya tatu tena. Alichukua ramani ya upimaji na futi kamba nzima. Bikoni mbili za nyuma zilikuwa mahali pake. Zile mbili za mbele, upande wa barabara, zilikuwa zimesimama imara, zimepigiliwa na saruji chini, na haziko mahali pake hata kidogo. Saruji ndiyo iliyomshtua. Wapima wetu hawakuzitia saruji ya namna ile.

Aliuliza nyumba hadi nyumba mpaka akafika kwa Gabrieli, mkulima wa siku nyingi pale, ambaye kabla watu hawajajenga alikuwa analima mahindi kwenye viwanja vilivyopimwa. Na nani angemlaumu. Ikifika Novemba, kwetu ardhi haiachwi ikae bure. Mwaka 2012, alipokuwa anageuza maksai kwenye kona, plau ilinasa bikoni ya kwanza ikaing'oa, na kwenye mgeuko uliofuata ikang'oa ya pili. Mtu mwingine angezitupa porini. Gabrieli ni muungwana. Alikumbuka kwamba zilikuwa hatua kumi na mbili kutoka ukingo wa kichuguu kikubwa kilichokuwa kando ya barabara. Akasimama kwenye ukingo wa kichuguu, akahesabu hatua kumi na mbili, akazirudishia hapo.

Alichosahau ni kwamba wafyatua tofali walikuwa wanakichimba kichuguu hicho kila kiangazi, upande uleule wa viwanja, kwa kuwa udongo wake haupasuki tanuruni. Ukingo ulikuwa umerudi nyuma kuelekea barabarani, na hatua za Gabrieli zikaufuata. Mita nne zilizopotea zilikuwa zimeliwa na tanuru za Magamba. Baadhi ya udongo huo, nadhani, sasa ndio kuta za sebule ya Mama Vénérande.

Gabrieli hakuficha lolote, na hakuona la kuficha. “Ng'ombe wangu waliharibu, mimi nikatengeneza,” alimwambia Mzee. “Na saruji niliweka, ili zisimsumbue mtu tena.” Mzee Severini anasema alitaka kukasirika akashindwa. Alikaa juu ya plau kuukuu iliyokuwa uani, akaomba maji ya kunywa.

Sasa niseme lile tundu. Siku ya ukaguzi wa mwaka 2015 Mzee alikuwa na viwanja saba vya kutembelea na wingu lilikuwa limeshatanda. Watu wanne walisimama juu ya bikoni nne. Gabrieli alikuwa mmoja wao, kwenye kona ya jirani. Wote waliulizwa kama wana ugomvi, wote wakasema hawana, na walikuwa wanasema kweli. Futi kamba ilikuwa ndani ya mkoba na haikutoka. Mzee alisaini, akapanda pikipiki, akawahi mvua.

Angeweza kunyamaza. Karatasi zilikuwa upande wake, na kustaafu kulikuwa kumebakiza wiki tatu. Ndugu Danford, ambaye anampenda kama kaka, alimkumbusha kwa nia njema kwamba cheti chake cha utumishi usio na doa kimeshachapwa na kutiwa muhuri, na kwamba mkaguzi akiandika mwenyewe kuwa hakupima, barua ya onyo haina budi kufuata. Na mimi, ambaye nataka nionekane mtu mwema katika habari hii, nilimfuata mchana kwenye korido nikamwambia aniachie. Nilimwambia astaafu kwa heshima, Jumatatu nitakapokaa kwenye kiti chake nitalishughulikia mwenyewe. Nilisema hivyo nikijua kuwa Jumatatu ndiyo siku ya kubomoa.

Hakunikaripia. Alinitazama kama anavyotazama ramani isiyo na choo.

“Jumatatu mimi ni raia tu, mwanangu,” alisema. “Mkaguzi akisema sikupima, faili linabadilika. Mstaafu akisema hivyo, wataona mzee amechoka.”

Tarehe 13 Oktoba aliandika maelezo yake kwa mkono, nusu ukurasa, akanipa nichape. Nimeomba ruhusa yake kunukuu sentensi tatu. “Mwaka 2015 sikupima. Niliangalia. Mwenye nyumba alijenga pale nilipomwambia kwamba ni pake.” Chini aliongeza ombi: kama kuna onyo, apewe kabla ya tarehe ya kustaafu, ili faili likamilike na mwenye nyumba asiendelee kubeba kosa lisilo lake. Nilipochapa ombi hilo vidole vilikuwa vinakosea herufi. Nilikuwa na aibu, nami naisema hapa kwa kuwa sina mahali pengine pa kuisema.

Wiki mbili zilizofuata sizitamani tena. Kikao cha kamati ya vibali, ambayo ndiyo ingeamua, kiliahirishwa mara ya kwanza kwa sababu akidi haikutimia. Kikaahirishwa mara ya pili kwa sababu mjumbe mmoja alisafiri. Mzee Severini alikuwa anatembea. Anatoka kwake anaenda kwa mhandisi, anatoka kwa mhandisi anaenda kwa watu wa barabara, anarudi na ramani, anaipiga pasi kwa kiganja, anaondoka tena. Tarehe 22 Oktoba jioni yalianguka manyunyu. Sote tuliacha kazi tukasikiliza bati. Mama Vénérande alikuwa na tofali elfu tatu mbichi uani kwake za vile vyumba viwili, na kwa mujibu wa notisi hakutakiwa kujenga chochote. Mzee alichukua turubai la kufunikia mafaili yaliyo karibu na dirisha linalovuja, akaondoka nalo kwa pikipiki. Mafaili tuliyasogeza. Kama mkaguzi wa mali anasoma haya, turubai lipo, halijapotea.

Kamati ilikaa jana, Jumatano tarehe 28, kwa saa nne. Mzee aliitwa ndani mara mbili. Gabrieli aliitwa mara moja, akaingia na kofia mkononi, akaeleza habari ya maksai na kichuguu kwa ufasaha, na tulisikia wajumbe wanacheka, halafu hawacheki tena. Mama Vénérande alikaa kwenye benchi la korido na mama yake mzazi, wameshikana mikono. Mimi niliingia na kutoka chumba cha chai mara ambazo sikuzihesabu. Niliosha vikombe vilivyokuwa safi.

Uamuzi ulitoka saa kumi. Notisi imefutwa, na mwenye nyumba ameandikwa kuwa hana kosa. Watu wa barabara wamekubali kuhamishia mtaro wa maji upande wa pili, kwa hiyo sebule imepona. Baraza halikupona, limekaa mahali ambapo hapawezi kurekebishwa, na liondoke kabla ya Jumatatu. Kibali cha vyumba viwili vya nyuma kimetolewa. Ndicho kibali cha mwisho kwenye utumishi wa Mzee Severini, na safari hii kabla ya kusaini alipima kila upande mara tatu, na mimi nikiwa nimeshika ncha ya pili ya futi kamba. Mama Vénérande aliposomewa uamuzi alisema neno moja kwa Kirundi kwa mama yake, na yule bibi akaanza kulia kwa sauti ndogo. Aliuliza tu kama baraza anaweza kulibomoa mwenyewe, taratibu, ili tofali zipande kwenye vyumba vya nyuma. Akajibiwa anaweza.

Barua ya onyo imetoka leo asubuhi. Mzee ameisoma, amesahihisha tarehe moja iliyokosewa, amesaini kuipokea. Kwa hiyo kwenye ratiba mliyoshika, kipengele cha sita, “Kukabidhi cheti cha utumishi usio na doa”, kimefutwa kwa kalamu, kwa kuwa ratiba yenyewe ilishachapwa. Aliyefuta ni mimi, na mstari haukunyooka. Naomba pasiwe na minong'ono ukumbini. Katika idara hii watu wengi tumepewa onyo, wengine zaidi ya moja. Huyu ndiye wa kwanza kuliomba, na alilifuatilia kwa wiki mbili ofisi hadi ofisi, kama mwombaji anavyofuatilia kibali chake.

Nilipokuwa mgeni hapa nilidhani kazi yetu ni kuwakataza watu. Yeye alinifundisha kwamba mtu akija kwetu na ramani iliyokunjwa mfukoni ameleta tamaa yake kubwa kuliko zote, na ameileta kwa hiari, wakati wengine wanajificha. Mtu huyo akiondoka na neno letu, anamwaga zege juu yake. Nimelijua hili kwa miaka tisa kama somo. Mwezi huu nimelijua kwa kukosa usingizi, na sidhani kama nitalala vizuri Oktoba nyingine yoyote. Hiyo ndiyo zawadi aliyoniachia, na sijui kama nimshukuru.

Nashukuru yafuatayo kwa uhakika. Namshukuru Mama Skolastika, mke wake, aliyevumilia mume asiyemaliza chakula kabla ya kuinuka kutazama wingu, na watoto wao wanne, ambao mzee huyu aliwapitisha kwenye viwanja vya watu kila likizo wakidhani ni matembezi. Namshukuru Ndugu Danford, ambaye jioni hii alisoma ukurasa huu wote, akasema uchapwe kama ulivyo. Na kwa niaba ya mafundi, waashi na wenye nyumba wa mji huu, pamoja na yule wa dohani, tunamshukuru mstaafu wetu kwa miaka thelathini na minne ambayo tulidhani anatusumbua.

Mzee anarudi Mamba kulima mpunga. Amesema atajenga ghala dogo, na ameshaniuliza fomu iko wapi. Ameomba pia hotuba za kesho ziwe fupi, na nadhani mnajua sababu. Mama Vénérande na wanawe wataanza kubomoa baraza asubuhi, tofali moja moja. Gabrieli ameahidi kuleta maksai na mkokoteni. Gari la idara litaondoka ukumbini saa nane kamili kwenda Magamba, chakula kikiwa kimekwisha au hakijakwisha. Mwenye koleo aje nalo, mwenye viatu vya sherehe abadilishe. Mstaafu mwenyewe atakuwa ameshatangulia.

Mzee Severini, maisha unayoyaanza yawe mema na marefu, na sisi wenzako tunakuombea hivyo kwa moyo wote. Jumatatu usiku, kama mvua itanyesha Magamba, kuna bibi asiyeona vizuri atakayelala ndani ya nyumba ya mwanawe akiisikiliza juu ya bati.